Brighton, Mji Uliolelewa na Wageni

Kanisa la Mtakatifu Nicholas limesimama juu ya kilima, mbali kidogo na maji, na kwa karne nyingi mnara wake ndio uliowaongoza wavuvi wa Brighton kurudi pwani. Anayetaka kuujua mji huu wa kusini mwa Uingereza heri aanzie kwenye makaburi ya kanisa hili kabla hajashuka kwenye kasri na magati. Hapa amezikwa Nicholas Tettersell, nahodha aliyemvusha kwa siri mfalme mkimbizi Charles II hadi Ufaransa mwezi Oktoba 1651. Hapa amelala Martha Gunn, mwanamke aliyepata riziki kwa kuwazamisha matajiri baharini. Phoebe Hessel yupo pia, ambaye jiwe la kaburi lake linasimulia kwamba alitumika vitani kama askari wa kawaida, na kwamba alifariki mwaka 1821 akiwa na umri wa miaka 108. Na tangu Februari 1851 yupo Sake Dean Mahomed, mzaliwa wa Patna nchini India, aliyekuwa mkandaji wa wafalme wawili.

Mji wenyewe haukujaliwa mto mkubwa wala bandari ya asili. Ufukwe wake ni wa kokoto tupu, zinazonguruma kila wimbi linaporudi nyuma. Ulichokuwa nacho ni watu waliojua kumpokea mtu afikaye, na ustadi huo waliupata baada ya kupoteza kila walichokitegemea.

Zamani uliitwa Brighthelmstone, na kazi yake ilikuwa uvuvi. Wafaransa waliuchoma moto mwaka 1514, ukajengwa upya. Kufikia mwaka 1580 ulikuwa na mashua 80 na mabaharia 400 waliokwenda hadi Bahari ya Kaskazini kutafuta heringi na chewa. Kisha bahari yenyewe ikageuka adui. Ilikuwa ikiumega mji kidogo kidogo, hadi dhoruba kubwa za mwaka 1703 na 1705 zilipoumaliza kabisa mtaa wa chini, ule uliokuwa ufukweni penyewe. Nyumba zilifukiwa na kokoto. Soko la samaki nalo lilikuwa limedorora, na katikati ya karne ya 18 watu waliobaki walikuwa 2,000 hivi. Walianika nyavu zao kwenye uwanja wa nyasi uitwao Steine na kungoja msimu wa vibua.

Aliyekuja kuwatoa katika hali hiyo alikuwa tabibu. Richard Russell, kutoka mji jirani wa Lewes, alichapisha mwaka 1750 kitabu cha Kilatini kuhusu maji ya bahari na magonjwa ya tezi. Aliwaambia wagonjwa waoge baharini, tena wayanywe maji hayo, na kwa walioshindwa na uchungu wake alishauri njia za kuyapunguza makali. Kitabu kikatafsiriwa, kikasomwa, na mwaka 1753 Russell akajenga nyumba kubwa kando ya Steine ili awe karibu na dawa yake. Sayansi ya leo haimuungi mkono katika kunywa maji ya chumvi. Lakini wagonjwa walipata hewa safi, mwendo, usingizi na mapumziko mbali na moshi wa London, na wengi walirudi kwao wakisema wamepona. Basi wakaja wengine.

Wake na mabinti wa wavuvi wakawa sehemu ya tiba. Mgonjwa aliingia katika kibanda cha mbao chenye magurudumu, farasi akakikokota hadi majini, na humo akavua nguo zake. Nje alikuwa akisubiriwa na mwanamke mwenye mikono yenye nguvu, aliyemshika na kumzamisha mara kadhaa, kisha akamrudisha kibandani akitetemeka. Wanaume walikuwa na wazamishaji wao wa kiume. Martha Gunn, aliyezaliwa mwaka 1726, aliifanya kazi hiyo hadi uzeeni, akawa maarufu kuliko mabibi aliowazamisha. Picha yake ilichorwa na kuuzwa, na mwana wa mfalme alimjua kwa jina. Ukoo uliokuwa ukishona nyavu ulijikuta, katika umri wa mtu mmoja tu, unashika mabega ya wake wa malodi na kuwaambia wafumbe macho. Katika uhusiano huo, ambamo tajiri alijikabidhi mikononi mwa fukara huku akiwa nusu uchi na amejaa hofu, naiona mbegu ya tabia ya Brighton hadi leo. Mtu aliyekwisha kumwona bwana mkubwa akitapatapa majini hamwogopi tena sana.

Mwana wa mfalme mwenyewe alifika mara ya kwanza Septemba 1783, akiwa kijana wa miaka 21. George, mrithi wa kiti, alikuwa na madeni, alipenda kamari, farasi na muziki, na aligombana na baba yake. Brighton ilikuwa mbali vya kutosha na macho ya baba. Miaka miwili baadaye alifunga ndoa ya siri na Maria Fitzherbert, mjane Mkatoliki. Sheria haikuitambua ndoa hiyo, kwa kuwa mwana wa mfalme hakuruhusiwa kuoa bila idhini ya baba, na aliyeoa Mkatoliki hakuweza kurithi ufalme. London ilimnong'ona bibi huyo. Brighton ilimpokea, ikamtendea kama mke halali, na iliendelea kumheshimu hata baada ya George kumwacha na kuoa binti wa kifalme wa Kijerumani kwa ajili ya kulipiwa madeni. Maria alifariki huko mwaka 1837 na amezikwa katika kanisa Katoliki la mtaa wa Kemp Town. Kwenye sanamu yake ya ukumbusho amechongwa na pete tatu kidoleni, moja kwa kila ndoa. Mji uliandika katika jiwe neno ambalo sheria ilikataa kuliandika katika karatasi.

George alianza na nyumba ya shambani, mbunifu Henry Holland akaigeuza jumba mwaka 1787, na kuanzia mwaka 1815 John Nash akalifunika jumba hilo kwa makuba na minara kama ya India, huku ndani likipambwa kwa majoka na mianzi ya Kichina. Nash hakuwahi kufika India, wala George. Nash alipomaliza, katika miaka ya mwanzo ya 1820, Royal Pavilion lilikuwa jengo lisilofanana na lolote katika Uingereza. Wapo waliolichukia tangu siku ile. Mimi naliona kuwa jengo la kweli kwa mahali pake, maana mji ulikuwa umekwisha kuwa pahala ambapo mtu hujaribu kuwa mwingine. Ila wavuvi walilipa gharama. Steine, walipoanika nyavu kizazi baada ya kizazi, iliwekewa mifereji, ikasawazishwa na kuzungushiwa uzio ili wakubwa wapate pa kutembea. Walipinga, wakashindwa, wakasogezwa hadi kwenye kokoto za ufukweni.

Dean Mahomed alifika mwaka 1814, akiwa na umri wa miaka 55 na akiwa amekwisha kufilisika. Maisha yake yalikuwa marefu kabla ya hapo. Alizaliwa Patna mwaka 1759, akafuata jeshi la Kampuni ya Uhindi Mashariki tangu utotoni, kisha akahamia Ireland pamoja na kapteni wake. Huko Cork alimwoa msichana wa Kiairishi, Jane Daly, na mwaka 1794 akachapisha kitabu cha safari zake, kitabu cha kwanza kuandikwa kwa Kiingereza na mtu wa India. Huko London alifungua mkahawa wa vyakula vya Kihindi mwaka 1810, lakini haukudumu. Huko Brighton aliona jambo ambalo wenyeji hawakuliona: watu waliokuwa tayari kulipa wazamishwe katika maji baridi wangelipa zaidi kukandwa katika joto.

Akafungua bafu la mvuke. Mgonjwa aliketi ndani ya hema la kitambaa, akafukizwa kwa mvuke wenye dawa za mitishamba, na Mahomed akapenyeza mikono kwenye nafasi zilizoachwa kitambaani na kumkanda viungo. Mwanzoni watu walicheka. Aliwakanda baadhi yao bila malipo mpaka waliokuja na magongo walipoondoka bila magongo, na magongo hayo akayatundika ukutani yawe ushahidi. Mwaka 1821 alikuwa na jumba lake ufukweni, lenye sehemu ya wanaume na sehemu ya wanawake, ambayo Jane aliisimamia. George IV alimteua kuwa mkandaji wake rasmi, na William IV baada yake. Mwislamu wa Patna aliyeingia Kanisa la Uingereza, mwenye mke wa Kiairishi, aliingia kasri lenye makuba ya Kihindi huenda akiwa ndiye mtu pekee mle aliyejua makuba ya kweli yanafananaje. Kabla hajafa, mitindo ilibadilika, waigaji wakazidi, na jumba lake likapigwa mnada. Alifariki akiwa na miaka zaidi ya 90, karibu kusahaulika.

Wakati huo kasri lenyewe lilikuwa limeachwa. Malkia Victoria hakuupenda mji, kwa sababu watu walimzonga kila alipotoka. Serikali ilitaka kuliuza, na huenda lingebomolewa, lakini mwaka 1850 halmashauri ya mji ililinunua kwa pauni 53,000. Vyumba vilikuwa vimekombwa hadi mapambo ya kuta. Tangu hapo raia wa kawaida wakaanza kucheza dansi na kusikiliza muziki katika kumbi za mfalme.

Treni ilikuwa imekwisha kuwaleta. Reli ya London ilifika Septemba 1841. Mji uliokuwa na watu 7,000 hivi mwaka 1801 ulikuwa na zaidi ya 65,000 nusu karne baadaye. Makarani, washonaji, wapishi na mafundi waliweza kuja asubuhi na kurudi jioni, na kwa ajili yao yakajengwa magati ya kutembelea juu ya maji: lile la Magharibi mwaka 1866, na Palace Pier mwaka 1899, lililochukua nafasi ya gati la minyororo lililosombwa na dhoruba mwaka 1896. Magnus Volk, mwana wa fundi saa kutoka Ujerumani, alitandika mwaka 1883 reli ndogo ya umeme kando ya ufuko. Inafanya kazi hadi leo, na hakuna reli ya umeme iliyo kongwe zaidi yake duniani.

Si kila aliyefika alikuja kwa hiari. Agosti 1862 kanisa la Mtakatifu Nicholas lilifungisha ndoa ya Sarah Forbes Bonetta, binti wa Kiyoruba aliyetekwa akiwa mtoto, akatolewa na Mfalme Ghezo wa Dahomey kama zawadi kwa nahodha Mwingereza, na kukulia chini ya uangalizi wa Malkia Victoria. Aliolewa na James Davies, mfanyabiashara wa Afrika Magharibi. Watu walijaa barabarani kutazama harusi. Barua zake zinaonyesha kwamba awali hakumtaka bwana huyo, na kwamba alipelekwa Brighton kukaa na mabibi wazee mpaka alipokubali.

Miongo mitano baadaye mji ulipokea wageni wengi zaidi ambao hawakuchagua kuja. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza, wanajeshi wa India walipelekwa haraka kwenye mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji, na kufikia majira ya baridi walikuwa wanakufa kwa risasi, baridi na tope. Desemba 1914 majeruhi wa kwanza walishushwa kwenye stesheni ya Brighton. Waliwekwa katika shule ya York Place, katika nyumba ya maskini ya Elm Grove iliyopewa jina la Kitchener, na katika Royal Pavilion pamoja na kumbi zake za jirani. Vitanda vilipangwa chini ya taa kubwa za vioo za ukumbi wa muziki wa George.

Kazi iliyofanywa pale inastahili kuelezwa kwa kirefu. Kulikuwa na majiko tisa, ili Waislamu, Wahindu, Masingasinga na wengine wapate chakula kilichopikwa na watu wa dini na tabaka zao. Kila wodi ilikuwa na bomba la maji la Waislamu na la Wahindu. Nyama ilichinjwa kwa taratibu mbili tofauti. Matangazo yaliandikwa kwa Kiurdu, Kihindi na Kipunjabi. Waislamu walitengewa sehemu ya bustani kwa ajili ya sala, Masingasinga wakawekewa hema la ibada. Waliofariki wakiwa Waislamu walipelekwa Woking, ulipo msikiti wa Shah Jahan, wakazikwa huko. Wahindu na Masingasinga 53 walichomwa kwa kuni juu ya vilima vya nyasi karibu na kijiji cha Patcham, kama desturi yao ilivyotaka.

Wenyeji walikuja kwa maelfu kuwaona. Walileta zawadi, wakawapungia mikono. Barua ambazo wagonjwa waliwaandikia jamaa zao, zilizosomwa kwanza na wakaguzi wa jeshi, ziliusifu mji kama pepo. Nyingi zilikuwa za kweli. Serikali nayo ilijua thamani ya sifa hizo: ilichapisha picha na vijitabu na kuvisambaza India, ili watu wa huko waamini kwamba mfalme amewapa askari wao kasri lake, ingawa kasri lilikuwa mali ya mji kwa miaka 64.

Lakini kulikuwa na uzio. Wakubwa wa jeshi waliogopa urafiki kati ya askari wa Kihindi na wanawake wa Kiingereza, na waliogopa zaidi habari hizo zifike India. Katika hospitali ya Kitchener walifunga waya wa miiba na kuweka walinzi. Mtu aliyepoteza mguu kwa ajili ya Uingereza hakuruhusiwa kutembea peke yake hadi dukani. Wafanyakazi wa Kihindi walifungiwa vilevile, na hasira ilifikia mahali ambapo mganga msaidizi mmoja alijaribu kumpiga risasi kamanda wa hospitali. Baadaye wauguzi wa kike wa Kiingereza waliondolewa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema wahenga wetu. Hapa wageni walikuja mwenyeji akapona, wao wakawekewa waya.

Tarehe 25 Agosti 1915 Mfalme George V alisimama kwenye nyasi za Pavilion na kumvisha Jemadar Mir Dast Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa. Mir Dast, Mpashtuni aliyevuta gesi ya sumu karibu na Ypres huku akiwaokoa wenzake chini ya risasi, aliitumia nafasi hiyo kuwasilisha ombi: askari aliyekwisha kujeruhiwa asirudishwe tena mahandakini. Katika kasri lile lililoona wafalme wakiombwa vyeo na fedha, sijui ombi lililo zito kuliko hilo.

Mapema mwaka 1916 Wahindi waliondoka, na vitanda vikachukuliwa na Waingereza waliokatwa mikono na miguu. Mahali pa kuchomea maiti pakajengwa kuba la marumaru nyeupe liitwalo Chattri, lililozinduliwa Februari 1921. Kila mwaka, mwezi Juni, watu hupanda kilima kuwakumbuka. Majina ya wale 53 yalichongwa huko mwaka 2010 tu.

Miaka iliyofuata ya karne ya 20 ilisikika kwa kelele zaidi. Riwaya ya Graham Greene ya mwaka 1938 iliuonyesha mji wa wahuni wa mbio za farasi. Siku za Pentekoste mwaka 1964 vijana wa skuta na vijana wa pikipiki walipigana ufukweni na magazeti yakajaa hofu. Mwaka 1974 kundi la ABBA la Sweden lilishinda mashindano ya nyimbo ya Ulaya katika ukumbi wa Dome, uliokuwa zizi la farasi wa George. Oktoba 1984 bomu la wapiganaji wa Ireland wa kundi la IRA lilibomoa sehemu ya Grand Hotel, Waziri Mkuu Margaret Thatcher akaponea chupuchupu, watu watano wakafa.

Kimyakimya zaidi, mji uliendelea kuwapokea waliokosa nafasi kwingine. Hadi mwaka 1967 sheria ya Uingereza iliwapeleka jela wanaume wapenzi wa jinsia moja. Wengi waliponea Brighton, katika baa ndogo na nyumba za kupanga ambazo wenye nazo hawakuuliza maswali, kama ambavyo hawakuuliza kuhusu Bibi Fitzherbert. Katika sensa ya mwaka 2021, zaidi ya mtu mmoja kati ya 10 wenye umri wa miaka 16 na kuendelea alijitaja kuwa mpenzi wa jinsia moja, wa jinsia zote mbili au wa mwelekeo mwingine kama huo, kiwango cha juu kuliko halmashauri nyingine yoyote ya England na Wales. Maandamano yao ya Agosti sasa ni sikukuu ya mji mzima.

Chuo Kikuu cha Sussex, kilichoanzishwa mwaka 1961 nje kidogo ya mji, kilileta Waafrika. Thabo Mbeki alifika mwaka 1962, mkimbizi wa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini. Juni 1964, baba yake Govan akiwa kizimbani pamoja na Nelson Mandela, kijana huyo na wanafunzi wenzake walitembea kwa miguu kutoka Brighton hadi London kuitaka serikali ya Uingereza iwaokoe na kamba ya kitanzi.

Miji mingi ya pwani ya Uingereza ilinyauka pale ndege za bei nafuu zilipoanza kuwapeleka watalii Hispania. Brighton ilisalimika kwa sababu ya treni, vyuo vyake viwili, mikutano na wasanii. Mwaka 1997 iliunganishwa na jirani yake Hove, na mwaka 2000 wakapewa hadhi ya jiji. Mwaka huohuo wa 1997 klabu ya soka ya Brighton & Hove Albion ilipoteza uwanja wake, ikacheza misimu miwili katika mji wa Gillingham, kilomita zaidi ya 100 kutoka nyumbani, kisha miaka 12 kwenye uwanja wa riadha. Mashabiki waliandamana, wakachangishana, wakang'ang'ania mpaka uwanja mpya ukafunguliwa Falmer mwaka 2011. Mwaka 2017 timu ilipanda Ligi Kuu, ambako mashabiki wa Dar es Salaam na Nairobi huitazama sasa kila wikendi.

Mafanikio hayo yana bei. Watu wa London waliopenda uhuru wa mji wamenunua nyumba zake, na kodi imepanda mpaka imewashinda waliouumba uhuru huo. Sifa ya kupokea wageni haiwezi kubebwa na watu wasioweza kumudu chumba. Wapishi, wauguzi na wahudumu wa hoteli wanahamia Worthing na Newhaven, na alfajiri hupanda treni au basi kwenda kuwafungulia wageni milango.